Maneno ya mantiki kwa Kiswahili: mwongozo kamili wa kujenga hoja, kuipima na kuipangua

Mwongozo huu ni wa walimu wanaosimamia midahalo, wanafunzi wanaoandika insha za kujadili, makatibu wa vyama, na yeyote anayeketi barazani, iwe Nakuru, Kakamega au Kisumu, akahisi kuwa hoja anayosikia ina kasoro ila hana jina la kuiita.

Wengi wakitaka kujifunza lugha ya mantiki hukimbilia maneno mazito. Sisi tunashauri uanze na vijineno: -ki-, tu, wote, ndipo, kama. Hoja nyingi huvunjikia hapo. Istilahi kubwa ni chache, na ukishazipanga mara moja hazitakusumbua tena.

Hatua ya 1: Tenganisha nguzo na hitimisho

Kauli ni sentensi inayoweza kuwa kweli au kutokuwa kweli. "Funga mlango" si kauli. "Soko la Kibuye limejaa leo" ni kauli. Dai ni kauli ambayo msemaji anataka uikubali. Nguzo ni kauli anayoitoa ili ilibebe dai lake. Wengine huiita kitangulizi, na hakuna ubaya, mradi uchague jina moja ulishike mpaka mwisho. Dai likishabebwa na nguzo huitwa hitimisho. Hoja ni furushi lote: nguzo pamoja na hitimisho.

Neno hoja lenyewe lina kazi nyingine mbili. Katika Bunge la Kenya, ambako Kiswahili kimeruhusiwa tangu 1974, hoja ni pendekezo linalojadiliwa na kupigiwa kura. Katika midahalo ya shule, hoja mara nyingi ni pointi moja tu: "Hoja yangu ya pili ni..." Mwalimu asipoeleza mapema anatumia hoja kwa maana ipi, nusu ya darasa litaandika orodha ya pointi bila hitimisho hata moja.

Sasa jaribu kwenye hoja halisi. Muuza samaki ufuoni Dunga anakuambia: "Huyu ni wa leo, mama. Si unaona macho yanavyong'aa?" Iandike upya, kauli moja kila mstari:

Nguzo: Macho ya samaki huyu yanang'aa.
Nguzo isiyotajwa: Kila samaki ambaye macho yake yanang'aa ni wa leo.
Hitimisho: Samaki huyu ni wa leo.

Mstari wa pili hakuutamka. Bila huo, wa kwanza hauwezi kukufikisha kwenye wa tatu. Kazi kubwa ya mchambuzi ni kuichimbua nguzo isiyotajwa, kwa kuwa udhaifu hujificha hapo. Na hapa umejificha kweli: samaki aliyewekwa kwenye barafu ya kutosha mara tu alipovuliwa anaweza kuwa na macho angavu hata siku ya pili au ya tatu. Nguzo ya wazi ni kweli, ile ya siri si kweli, na hitimisho limebaki likining'inia. Tutarudi kwa samaki huyu.

Hatua ya 2: Soma mwelekeo wa viunganishi

Kwa sababu, kwa kuwa, kwani na maana hutangulia nguzo. Kwa hiyo, hivyo na basi hutangulia hitimisho. Mpaka hapo ni rahisi. Penye utelezi ni "ndiyo maana".

Linganisha: "Taa zimezimwa, kwa hiyo hawapo" na "Hawapo, ndiyo maana taa zimezimwa." Ya kwanza inathibitisha: unaziona taa, unafikia jambo usiloliona. Ya pili inaeleza: sote tunakubali taa zimezimwa, ila tunatafuta kisa chake. Kuthibitisha na kueleza ni kazi mbili tofauti, na mtu akikupa maelezo pale ulipodai uthibitisho, hajakujibu. Ukisikia "ndiyo maana", jiulize kama jambo linaloelezwa limeshakubaliwa na wote. Kama halijakubaliwa, msemaji ameruka hatua.

Kiswahili cha bara kina mazoea mawili yanayovuruga mwelekeo huu. La kwanza ni "juu" kwa maana ya kwa sababu: "Nimechelewa juu ya mvua." Stendi kila mtu ataelewa, kwenye maandishi, msomaji wa pwani atakuona umekaa juu ya mawingu. La pili ni "ndio" kwa maana ya ili: "Nimekuja mapema ndio nipate kiti." Hilo ni kusudi, wala si sababu inayothibitisha. Andika "ili nipate kiti". Na "kwani" uiweke katikati ya sentensi, maana ikianza sentensi hugeuka swali: "Kwani umelala?"

Hatua ya 3: Masharti, na hapa usiharakishe

Kauli ya sharti ina sehemu mbili, sharti na tokeo. "Samaki akiwa wa leo, macho yake hung'aa." Sharti: ni wa leo. Tokeo: macho yanang'aa. Tuseme kauli hii ni kweli. Kutoka hapo watu hujaribu njia nne.

Kukiri sharti: ni wa leo, kwa hiyo macho yake yanang'aa. Njia hii ni halali.
Kukana tokeo: macho hayang'ai, kwa hiyo si wa leo. Hii pia ni halali, na ndiyo inayomfaa mnunuzi.
Kukiri tokeo: macho yanang'aa, kwa hiyo ni wa leo. Ni batili. Ndiyo njia ya muuzaji wetu.
Kukana sharti: si wa leo, kwa hiyo macho yake hayang'ai. Nayo ni batili, kwa sababu ile ile ya barafu.

Ziandike nne hizi ubaoni, kisha badilisha samaki kwa mambo mengine mpaka wanafunzi waache kutazama maudhui na kuanza kuona umbo. Kwa uzoefu wa walimu wengi, kukana tokeo ndiko hueleweka kwa kuchelewa. Lirudie kwa mfano wa mvua na paa linalovuja.

Tatizo la pili ni kiambishi -ki- chenyewe. "Mama akirudi tutakula" yaweza kuwa wakati (atarudi, tunasubiri tu) au sharti (asiporudi, tutalala njaa). Katika hoja, sema unalokusudia: "mama atakaporudi" kwa wakati, "iwapo mama atarudi" au "endapo" kwa sharti. "Kama" iepuke ukiweza, imelemewa na kazi. Ni sharti ("kama utakuja"), ni mfano ("mkali kama pilipili"), ni makadirio ("watu kama 20"), ni swali la ndani ("sijui kama amefika"). Sentensi yenye "kama" mbili za kazi tofauti ni mtego hata kwa aliyeiandika.

Tatizo la tatu ndilo linaloleta ugomvi kwenye vikao: sharti linalotosha dhidi ya sharti la lazima. Kenya, kuwa na umri wa miaka 18 ni sharti la lazima la kupiga kura. Bila hilo hupigi. Lakini halitoshi, kwa kuwa usipokuwa umejiandikisha hutapiga hata ukiwa na miaka 60. Kiswahili kina vifaa vya kutenganisha haya. "Ukiwa na tiketi utaingia" inasema tiketi inatosha. "Ukiwa na tiketi ndipo utaingia" inasema tiketi ni ya lazima, lakini mlangoni huenda kuna jambo jingine. Ukitaka yote mawili kwa pamoja, sema "utaingia ikiwa, na ikiwa tu, una tiketi". Ni nzito kidogo mdomoni, lakini katika katiba ya chama inaokoa saa nzima ya mabishano.

Na hiyo "tu" ichungwe inapokaa, maana hubana neno linaloitangulia. "Wanawake tu waliuza omena": wanaume hawakuuza. "Wanawake waliuza omena tu": hawakuuza sangara wala ngege. Maneno ni yale yale, ila ukizihamisha herufi mbili, dai linabadilika.

La mwisho kuhusu masharti: -nge- na -ngali-. "Angesoma angefaulu" haiachi uwezekano wazi kama "akisoma atafaulu". Inadokeza kuwa hasomi. "Angalisoma angalifaulu" inadokeza kuwa hakusoma na nafasi imepita. Usitumie -nge- kwa sharti ambalo bado linaweza kutimia, la sivyo umeingiza dai la pili kinyemela. Na usichanganye viwili hivyo katika sentensi moja.

Hatua ya 4: Wote, baadhi, hakuna

"Wanafunzi wote hawakuja." Je, darasa lilikuwa tupu, au wachache tu ndio walikosekana? Sentensi inakubali maana zote mbili, na kila upande utaitumia kwa faida yake. Ukimaanisha tupu, sema "Hakuna mwanafunzi aliyekuja." Ukimaanisha pungufu, anza na si: "Si wanafunzi wote waliokuja."

Hapa ndipo wapinzani wengi katika mdahalo hujipakia mzigo usio wao. Mtetezi akisema "Madereva wote wa tuktuk huvunja sheria," kumwangusha hakuhitaji uthibitishe kuwa hakuna dereva anayevunja. Dereva mmoja mwadilifu anatosha. Huyo mmoja tunamwita mfano kinzani. "Wote huvunja" na "si wote huvunja" ni kauli zinazokanushana: moja ikiwa kweli, nyingine si kweli, hakuna njia ya tatu. "Wote huvunja" na "hakuna anayevunja" zinapingana tu: haziwezi kuwa kweli pamoja, lakini zaweza zote mbili kuwa si kweli.

Jihadhari na hu-. "Watu wa ziwani hupenda samaki" haisemi wote, wala haisemi wangapi. Ukileta mtu mmoja wa Homa Bay asiyekula samaki, msemaji atacheka tu. Kabla ya kujibu, mbane: "Unasema wote, wengi, au baadhi?" Akishachagua, umepata kitu cha kushika.

Hatua ya 5: Halali si sawa na kweli

Kweli ni sifa ya kauli. Halali ni sifa ya umbo la hoja: nguzo zikiwa kweli, hitimisho haliwezi kukosa kuwa kweli. Hoja halali yenye nguzo za kweli tutaiita thabiti. Neno "sahihi" tunaliepuka hapa, watu hulitumia kwa yote matatu.

Kila mji ulio kando ya Ziwa Victoria uko Kenya. Mwanza ni mji ulio kando ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo Mwanza uko Kenya. Umbo ni halali kabisa. Kilichooza ni nguzo ya kwanza.

Sasa geuza. Baadhi ya miji ya Kenya iko kando ya Ziwa Victoria. Kisumu ni mji wa Kenya. Kwa hiyo Kisumu uko kando ya Ziwa Victoria. Kila mstari ni kweli, hata hivyo hoja ni batili. Utajuaje? Toa Kisumu, weka Nakuru. Nguzo zote zinabaki kweli (Nakuru lilipata hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini bado ni mji wa Kenya kwa maana yetu), na hitimisho linakuwa kichekesho. Kubadilisha jina namna hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kunasa umbo bovu, na haihitaji alama yoyote ya hisabati.

Hatua ya 6: Pima uhakika wako

Huenda, labda, pengine na yamkini ni za uwezekano. "Inaelekea" na "kuna uwezekano mkubwa" hupanda ngazi. Bila shaka na hapana budi ziko juu kabisa. Kosa la kawaida ni kuanza na "huenda" kwenye nguzo kisha kutua na "bila shaka" kwenye hitimisho. Hitimisho halipandi juu kuliko nguzo yake dhaifu zaidi.

"Lazima" ina sura mbili: "Lazima aende" ni wajibu, "Lazima awe amefika" ni makisio yenye nguvu. Na "ati" au "eti" ni chombo kizuri ambacho watu hukidharau: "Ati bei imepanda" inaripoti dai bila kulibeba. Kwa maandishi rasmi tumia "inadaiwa kwamba", lakini kazi ni hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Kisha si kwa sababu

Tangu karibu 2010 maji ya Ziwa Nakuru yalipanda, na heroe, au flamingo kama wengi wanavyowaita, wakapungua. Je, kupanda kwa maji ndicho kisababishi? Mpangilio wa wakati pekee hauthibitishi. Katika miaka hiyo mji nao ulipanuka, na mambo mengine mengi yalibadilika. Kinachogeuza "kisha" kuwa "kwa sababu" ni njia inayoonyesha jinsi kimoja kinavyozaa kingine. Hapa njia ipo: maji mengi ya mito na mvua hupunguza magadi ya ziwa, magadi yakipungua vijimea vidogo wanavyokula heroe hupungua, na ndege huhamia maziwa yenye chakula, likiwemo Bogoria.

Chanzo ni pale jambo lilipoanzia. Kisababishi ni kinachozaa tokeo. Kichocheo huharakisha tu kilichokuwa kinakuja. Sadfa ni mambo mawili kutukia pamoja bila uhusiano. Mtu akisema "tangu gavana huyu aingie...", muulize njia. Asipokuwa nayo, ana "kisha" tu.

Hatua ya 8: Kujibu

Kukana, nje ya majina ya zile njia nne za Hatua ya 3, ni kusema hukufanya au huhusiki. Kukanusha ni kusema kauli si kweli. Kupinga ni kuchukua upande mwingine. Kutilia shaka ni kudai ushahidi zaidi bila kusema kauli ni uongo. Kupangua ni kuonyesha kwamba nguzo si kweli au haibebi hitimisho. Midahalo mingi imejaa kupinga na haina kupangua: sauti zinapanda, hoja ya mwenzako imebaki imesimama pale pale.

Jizoeze vifungu hivi mpaka vitoke bila kufikiri: "Nakubali nguzo ya kwanza, ya pili naikataa, kwa kuwa..." "Hata ikiwa ni kweli kwamba..., haifuati kwamba..." "Umethibitisha kuwa baadhi..., lakini umehitimisha kuhusu wote." Neno "haifuati" linafaa kuliko "si kweli" mara nyingi, kwa sababu linakuruhusu kukubali ukweli wa mwenzako na bado kukataa anakokupeleka.

Omba fasili mapema. Kufasili ni kueleza maana ya neno. Kufasiri ni kutoa maana kutoka lugha moja hadi nyingine au kutafsiri jambo kwa mtazamo fulani. Bila fasili, maana huteleza katikati: "Sheria imenipa haki ya kupandisha bei. Jambo la haki halilaumiwi. Kwa hiyo kupandisha bei hakulaumiwi." Haki ya kwanza ni ruhusa ya kisheria, ya pili ni uadilifu. Ni neno moja, mambo mawili. Dawa ni kuandika upya ukiweka "ruhusa" na "uadilifu" mahali pake. Hoja itajivunja yenyewe.

Kumshambulia msemaji ("wewe umezaliwa juzi, utajua nini kuhusu mashamba?") na kuzunguka, yaani kutumia hitimisho lenyewe kama nguzo kwa maneno mengine, hazihitaji maelezo marefu. Zitaje kwa jina na uendelee.

Methali zinastahili neno zaidi. Barazani methali hufunga mjadala, lakini kama nguzo ni dhaifu, kwani karibu kila moja ina mwenzake wa kuikana: "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Methali ni kielelezo; inaonyesha ulichokwisha kuthibitisha. Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyezaliwa Nyanza mwaka 1944, alizungumza na wazee wenye hekima, akiwemo Paul Mbuya Akoko, na akawatenga katika makundi mawili: wanaoijua sana hekima ya jamii yao na kuieleza, na wanaoipima, kuihoji na kutoa sababu zao wenyewe. Mwanafunzi anayejaza insha kwa methali yuko kundi la kwanza, na katika insha ya KCSE ya maneno 400 hana nafasi ya kupoteza.

Hatua ya 9: Zoezi la dakika 20

Usianze na hoja za kisiasa, damu hupanda. Chukua katiba ya chama chenu. Tuseme kifungu kinasema: "Mwanachama akikosa mikutano mitatu mfululizo atatozwa faini ya shilingi 500." Mwanachama aliyekosa miwili anasema: "Sikukosa mitatu, kwa hiyo siwezi kutozwa faini." Dakika tano: andika sharti, tokeo, nguzo na hitimisho kila kimoja mstari wake. Dakika tano: taja njia aliyotumia kati ya zile nne. Amekana sharti, kwa hiyo hoja yake ni batili; kifungu kinasema kukosa mitatu kunatosha, hakisemi ndiyo njia pekee ya kupata faini. Dakika kumi zilizobaki ziwe za kukiandika upya kifungu ili maana yenu iwe moja. Kama nia ni kwamba hakuna utoro mwingine utakaotozwa, andikeni: "Kuhusu mahudhurio, mwanachama atatozwa faini ya shilingi 500 ikiwa, na ikiwa tu, amekosa mikutano mitatu mfululizo." Kisha mhazini asome kwa sauti, na mwenye mikutano miwili aulizwe kama bado ana neno.